Gauni Lililofuliwa Kabla ya Komunyo

Kwa miaka kumi na moja Tadea alishona nguo Mbinga, kwenye kibaraza nyuma ya soko, na kwa miaka yote hiyo mikono yake ilimwasha. Ngozi kati ya vidole ilibanduka kama ganda la kitunguu. Alipaka mafuta, akaendelea kukanyaga cherehani. Aliamini ndivyo ushonaji ulivyo, kama mwashi anavyoumwa mgongo. Tena alipenda harufu ya kitambaa kipya. Robota la vitambaa likifunguliwa dukani aliinamisha uso, akavuta pumzi mpaka machozi yakamtoka, akacheka.

Jumamosi moja aliteremka Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, kwa kaka yake, na gauni jeupe alilomshonea Glorious, binti wa kaka huyo, wa miaka tisa, ambaye kesho yake angepokea Komunyo ya Kwanza. Kitambaa kilikuwa kigumu, chenye kung'aa. Gauni likisimamishwa mkekani, lilisimama lenyewe.

Walimjaribisha mtoto asubuhi hiyo hiyo. Akakataa kulivua, akazunguka nalo uani. Kufika saa sita shingo yake ilikuwa nyekundu, yenye vipele, na makwapa vivyo hivyo.

"Nani kaliona hilo gauni?" aliuliza Hilaria, mama wa mtoto. "Mtu ana jicho baya hapa."

Walimpeleka mtoto zahanati, kwa muuguzi Devotha, mwenyeji wa Kigoma.

"Amevaa nini kipya?" Devotha aliuliza. Alipooneshwa, akapitisha kidole kwenye kola. "Vitambaa vingine hutiwa dawa kiwandani, visikunjamane, visiote ukungu njiani. Wengine haiwadhuru, wengine ngozi inakataa. Mmelifua?"

"Nguo mpya?" Hilaria alishangaa.

"Mtumba je, ukinunua?"

"Mtumba nauchemsha, dada. Najua nani kauvaa?"

"Na hili, unajua limepitia wapi?" Akawapa dawa ya kupaka. "Lifueni mara tatu, msuuze sana. Vipele vikirudi, asilivae." Kisha akaitazama mikono ya Tadea, kwa muda mrefu kidogo. "Na wewe urudi kwangu, mama."

Gauni jingine halikuwepo.

"Wifi, ukilifua litalegea," Hilaria alisema njiani. "Kesho watasema tumemvika la kuazima."

"Waseme."

Tadea alibeba beseni hadi ufukweni, akateka maji ya ziwa, akalitia gauni. Mwanzoni halikuzama. Lilielea, limejaa hewa, likimkatalia. Alipolikandamiza, maji yakaanza kubadilika polepole, yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na ile harufu aliyoipenda ikapanda usoni mwake, kali. Macho yakamwasha. Akaacha kufua. Mbele yake ziwa lilienda mpaka macho yalipoishia, safi, unaona mawe chini; na ndani ya beseni, weupe ule ambao yeye mwenyewe aliukata na kuushona ulikuwa ukitoa kitu kisichokuwa na jina kwake. Aliogopa kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukifunguka katika nyumba aliyodhani hana mwenzake ndani.

Akamwaga maji mbali na ziwa, mchangani. Mara ya pili yalipungua weupe. Mara ya tatu aliona vidole vyake kwenye kitako cha beseni.

Lilipokauka, alifumua kola na kuitia bitana ya kanga kuukuu ya marehemu mama yake, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi. Jioni Glorious akavaa. Hilaria akashika taa ya simu, wakangoja nusu saa waone kama vipele vitarudi.

"Shangazi," mtoto alisema, "ni kama sijavaa kitu."

Kanisani gauni lilining'inia, bila mng'ao. Mwanamke wa benchi la nyuma akanong'ona, "Fundi wa mjini, kumbe kaleta mtumba." Tadea alisikia. Macho yake yalikuwa kwenye shingo ya mtoto, iliyoinama mbele ya padri, imetulia.

Ndipo akaikunjua mikono yake mapajani, akaitazama kama mtu anayesoma barua iliyomfikia miaka kumi na moja iliyopita, asiifungue.

Jumatatu, kibarazani Mbinga, mteja wa kwanza alipoweka kitambaa mezani, Tadea hakukinusa. Alikwenda kuteka maji.