Mama Alipouliza Yuko Wapi

Chumba changu cha kurekodia pale Biharamulo mjini kilikuwa stoo ya mahindi. Nilipokikodi nilipigilia mablanketi na magodoro makuukuu ukutani, sauti ikawa inakufia mdomoni. Ndivyo nilivyofundishwa: rekodi sauti ikiwa kavu, halafu uiongezee mwangwi kwenye kompyuta. Mwangwi ukiwa mfupi, msikilizaji anahisi mwimbaji yuko chumbani. Ukirefuka, anamwona ukumbini. Nilidhani hilo nimelielewa.

Ikaja kwaya kutoka Bugarama. Kiongozi wao, mwalimu wa shule ya msingi, akaniambia, "Tunataka tusikike kama tuko kanisa kubwa la Rulenge." Aliyeongoza wimbo alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa migomba, mwenye sauti nzito isiyo na haraka.

Niliufanyia kazi wimbo ule kwa raha. Sauti za wenzake nikazitawanya kulia na kushoto, yake nikaiweka katikati, zote nikazimwagia mwangwi mrefu. Waliporudi kusikiliza, kwaya ilipiga vigelegele. Mama yule hakupiga.

"Shikamoo mama, hujaupenda?"

"Marahaba. Mwanangu, mimi niko wapi hapo?"

"Uko katikati."

"Namsikia mtu anaita kutoka ng'ambo ya bonde. Wimbo huu nilimwimbia mume wangu alipokuwa mgonjwa, nimekaa kitandani pake. Mbona umenipeleka mbali naye?"

Nikapunguza mwangwi palepale. Mwalimu akakunja uso: "Sasa ni kama tumemfungia kwenye debe." Nikaongeza kidogo, mama akatikisa kichwa. Nikapunguza, mwalimu akaguna. Mwisho masikio yangu yenyewe yakaacha kunishauri. Sikujua tena kipi kirefu, kipi kifupi.

Nikaenda Rulenge. Kanisa lilikuwa tupu. Nikapiga makofi, nikaona haya, kisha nikaimba ubeti mmoja. Sauti yangu niliisikia kwanza hapa kifuani, ndipo ikarudi kutoka darini, imechelewa kidogo. Kumbe mtu anaweza kuwa karibu nawe, na kanisa likawa kubwa, kwa wakati mmoja! Niliporudi sikuukata mwangwi wa mama. Niliuchelewesha tu, sauti yake itangulie, kanisa lifuate.

Nilimtumia mama wimbo kwenye simu ya binti yake. Akanipigia mwenyewe. "Hapo nipo," alisema.

Siku ya kuuzindua wimbo kule Bugarama nilivaa shati jipya. Wakaufungulia kwenye spika kubwa, ndani ya kanisa la kuta za matofali na bati juu. Kanisa lile nalo lilikuwa na mwangwi wake, ukapanda juu ya wangu, maneno yakageuka uji. Watu wakatazamana. Mwalimu akanitazama mimi.

Mama yule akasimama, akaanza kuimba bila maiki, juu ya ule mvumo. Wenzake wakadakia. Mtu akazima spika. Walipofika ubeti wa mwisho, wanaume waliokuwa karibu nami walikuwa wanafuta macho, nami pia, ingawa sikujua kama nalilia wimbo au kazi yangu.

Nje nilimwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akashangaa. "Kwenye simu nausikiliza kila asubuhi nikienda shambani."

"Lakini mama, leo wimbo umeharibika."

"Leo tulikuwepo wenyewe. Huo wa kwenye spika ulikuwa wa nini?"

Sikuelewa kama ananifariji au ananiambia jambo jingine. Nikiwa bado nalifikiria, nikiwa kwenye pikipiki kurudi Biharamulo, simu ikaita. Mwalimu wa kwaya.

"Tuna nyimbo nyingine za kurekodi," alisema. "Na ule mwangwi wa leo, mama alipokuwa anaimba, uweke vilevile. Usipunguze hata kidogo. Watu wameupenda sana."

Nilimwambia dereva asimame kidogo pembeni, nimweleze mwalimu kwamba mwangwi ule ulikuwa wa kanisa lao, si wangu.