Zege la Saa Saba Mchana

Mimi niliishia darasa la nne, na nusu ya nyumba mpya za Kingolwira nimezijenga mimi. Sikubali mtu anifundishe kumwaga zege.

Mdogo wangu anaendesha lori Omani, jangwani kabisa. Kule joto kali likikaribia hutangazwa mapema, na mchana watu wa kazi za nje hupumzika. Akaniambia kwenye simu, "Kaka, nawe sikiliza utabiri, usisubiri mtu aanguke." Tangu hapo nausikiliza kila jioni. Likitangazwa joto kali, vijana wangu saa sita wanatua makoleo mpaka jua lipoe.

Mwezi wa pili redio ikatangaza joto la namna hiyo. Kesho yake mwenye nyumba, mfanyabiashara wa mjini, akachelewesha kokoto, halafu akataka tumwage zege saa saba.

"Tutamwaga kesho alfajiri, bosi. Utabiri umesema leo jua kali."

"Kwani hapa jangwani? Huoni milima ile, kijani tupu?"

"Naiona. Kivuli chake hakifiki hapa."

"Basi naita fundi mwanaume."

"Muite. Mwambie aje na kofia."

Akamwita kweli. Nikakusanya makoleo yangu, nikaondoka na vijana wangu wote.

Watu huniuliza kama zege lile lilipasuka kwa kukaushwa haraka na jua. Sijui, wala sijaenda kutazama. Kazi ile niliikosa, na joto likitangazwa tena nitaikosa nyingine. Fundi mkubwa huku ni mimi, na vijana wangu wanarudi kwao kwa miguu yao.