Mzee Kofia na Shikamoo Isiyo na Mwenyewe

Miwani yangu ilivunjika mkono nikiwa safarini, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa fundi mmoja tu, mwanamke wa makamo mwenye duka jembamba nyuma ya benki. Aliipokea, akachomoa bisibisi nyembamba kama njiti ya kibiriti, akaanza kazi huku akiongea na mteja mwingine. Nilimwambia ana mkono mwepesi.

"Huu sikuupatia kwenye miwani," akasema. "Niliupatia kwenye gemu."

Nilikuwa sina haraka, naye alikuwa na stuli ya ziada.

Alipokuwa msichana wa shule, mjomba wake, fundi wa meli, alirudi nyumbani na kompyuta. Ilikuwa kibodi nene tu, unaichomeka kwenye televisheni. Gemu zake zilikuja kwenye kaseti, kama nyimbo. Ulibonyeza kitufe cha redio kaseti, ukasikia kelele za vyura wanaogombana ndani ya debe, ukasubiri hadi uji uchemke na upoe. Kelele ikififia kidogo, umekula hasara, unarudisha kaseti mwanzo. Dawa yake ilikuwa skrubu moja ndogo ndani ya redio. Ukiigeuza kiasi cha unywele, vyura wanalia vizuri. Nyumba nzima aliyeiweza skrubu hiyo ni yeye. Alipomaliza shule na kuambiwa achague kazi, alichagua yenye skrubu ndogo.

Gemu waliyoipenda ilikuwa na jamaa anayepanda mnara kwa ngazi, huku ndoo zikimwangukia kutoka juu. Kwenye televisheni ile alionekana kama kofia yenye miguu tu, wakamwita Mzee Kofia. Alikuwa na roho tatu, na juu kabisa palikuwa na mlango.

"Mlikuwa wangapi?" nikauliza.

"Mimi na pacha wangu. Hapo ndipo ugomvi ulipo."

Mama yao, mshonaji wa nguo, hakuwahi kuwaambia nani alitangulia kuzaliwa. Walimbembeleza, wakamnunia, wakamvizia. Jibu lilikuwa lilelile: "Siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine, sikuangalia." Wakakosa mkubwa wa kuamkiwa. Basi wakawekeana sharti: atakayekuwa wa kwanza kumfikisha Mzee Kofia mlangoni ndiye dada, na mwenzake atampa shikamoo maisha yake yote.

Hakuna aliyefika. Kompyuta yenyewe ilikuwa na akili ya kuku, ukiizima imesahau kila kitu, kwa hiyo kila siku walianzia chini. Na mama alikuwa hataki kelele zao. Siku ya kwanza aliposikia "Nimekufa!" kutoka sebuleni aliacha cherehani ikizunguka yenyewe, akaja mbio na futi shingoni. Tangu hapo akapiga marufuku: ndani ya nyumba yake hafi mtu. Wakaanza kusema "nimesafiri." Jirani mmoja aliwahi kuuliza kwa nini watoto wa mshonaji wanasafiri sana na hawaendi popote.

Pacha akaenda kusomea kuendesha treni, akahamia mbali. Lakini kila likizo wanaitoa kompyuta sandukuni, na sharti bado lipo. Mwaka huu pana tatizo. Televisheni ya zamani imeanza kujizima yenyewe, na hizi mpya hazina tundu la waya wake.

"Njoo nyumbani kwetu Jumamosi mchana uwe shahidi," fundi akaniambia, akinivalisha miwani. "Pacha wangu anabisha hata akiambiwa amelowa."

Nikaenda. Mama mtu alikuwa pembeni ya dirisha, akipinda shuka kwa mkono. Dereva wa treni alikuwa na sura ileile ya fundi, imepigwa jua zaidi.

"Huyu ndiye shahidi wako? Umemtengenezea miwani, ataona unachotaka."

"Cheza, we pacha. Maneno hayapandi ngazi."

Dereva akaanza. Alipanda kwa kasi, akasafiri mara mbili kwenye ngazi moja, na ya mwisho akasafirishwa na ndoo akiwa ameshika chai.

"Treni haina ngazi," akajitetea.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," fundi akasema, akakaa.

Yeye hakuharakisha. Alisubiri ndoo ipite ndipo apande, kama anayevuka barabara na mtoto. Roho mbili zilimtoka hata hivyo. Kwa ile ya tatu akafika ghorofa ambayo hawakuwahi kuiona. Picha ya televisheni ikajikunja, ikarudi. Dereva akaacha kutania, akaenda kuushikilia waya ukutani usilegee, na hakuna aliyemwomba. Mzee Kofia akaruka ndoo ya mwisho, akasimama mbele ya mlango.

"Sasa mtauona upara wake," mama akasema, macho yakiwa kwenye pindo.

Mzee Kofia akavua kofia, akainama. Chini yake palikuwa na upara unaong'aa.

Pacha wote wawili wakageuka.

"Mama," dereva akasema. "Umejuaje?"

Mama akakata uzi kwa meno. "Mlikuwa mnakwenda shule. Nyumba ilikuwa kimya mno."

"Televisheni," fundi akasema polepole. "Kila tukirudi tulikuta ina joto. Ukasema ni jua la dirishani."

"Jua nalo lilikuwepo."

Dereva akaanza kucheka, bado ameshika waya. "Sharti lilikuwa nini, pacha? Wa kwanza kufika mlangoni. Kwa hiyo wewe si dada."

"Wala wewe."

Wakatazamana, kisha wakamtazama mama yao. Walisema pamoja, kama watu waliolala tumbo moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, wadogo zangu," mama akaitikia, akaweka shuka kando na kunyoosha vidole. "Mmoja wenu arudishe kaseti mwanzo, kabla hiyo televisheni haijasafiri."