Zebaki Iliyokataa Dhahabu

Nilipokuwa mtoto, kule Sikuda tulikoosha mchanga kutafuta dhahabu, hakuna aliyebisha kwamba dhahabu ina macho. Ikimwona mwanamke aliye katika siku zake, inakimbia. Kwa hiyo mwanamke huyo hukaa nyumbani mpaka amalize. Akificha, anawaharibia wote.

Mimi nilificha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule nilishaiacha darasa la tano, na mahali pekee palipobaki ambapo watu waliniita kwa jina wakinihitaji ni pale kwenye maji, kando ya mama. Damu ilipokuja mara ya kwanza nilikunja kipande cha leso, nikanyamaza.

Siku hiyo wanawake sita walikusanya mchanga mweusi wa wiki nzima katika karai moja. Mchanga huo ni mzito, unabaki chini pamoja na dhahabu, na maji peke yake hayawezi kuvitenganisha. Ndiyo maana senge, dada yake baba, aliweka zebaki katika kichupa cha dawa ya kikohozi. Aliimimina, akakanda kwa mkono. Kwa kawaida zebaki hushika dhahabu yote ikawa donge moja laini. Mara hii ilivunjika punje punje za kijivu, zikakataa kuungana.

Senge akainua kichwa. "Nani yuko kwa siku zake hapa?"

Kisha akanitazama nilivyokaa.

"Nabwire?"

"Ni mimi, senge."

Mama alifunika uso. Mmoja akapiga kelele, "Mtoe huyo! Na huo mchanga mwageni, umeshakufa."

Nilikuwa nimeshasimama niondoke, ndipo nikaona juu ya maji utando wa mafuta unaometameta rangi rangi.

"Senge, hili karai jana mlikaangia mukene, wale dagaa."

"Umeharibu, na bado una mdomo?"

"Nusa basi."

Jirani yetu Nekesa akainama, akanusa, akaangua kicheko. "Haki ya Mungu, samaki kabisa! Kasoro ugali tu!"

Sikungoja ruhusa. Nilimwaga yale maji taratibu, nikatia sabuni ya unga, nikakamulia ndimu mbili, kama tulivyotoa mafuta ya samaki kwenye sufuria nyumbani. Nilisugua na kusuuza kwa mikono ileile waliyoiogopa. Punje zikaanza kushikana, moja hii, moja ile, mpaka donge likajaa kiganjani mwangu, zito, linang'aa.

Leo najua zebaki ni sumu, na hakuna kati yetu aliyepaswa kuigusa kwa mkono mtupu. Mikono ya senge sasa inatetemeka akishika kikombe. Juu ya hilo hakuna aliyetuonya. Tulionywa juu ya damu yangu.

Nilidhani nimeshinda. Lakini mwezi uliofuata msichana mwingine alipoingia katika siku zake, nilimsikia senge akimwambia, "Nawa na ndimu kwanza, kama Nabwire, dhahabu isikimbie." Walikuwa wamechukua kazi ya akili yangu wakaigeuza kuwa utakaso wangu.

Nina miaka kumi na minane na bado nabishana nao. Nikiwa katika siku zangu nakwenda kuosha mchanga, na nawatangazia nikifika. Anayetaka kuondoka, aondoke. Ndimu ile ilikuwa ya karai. Mimi sikuwa na uchafu wowote.