Mama alitukaribisha maziwa, clip ikasema ametulaani

Wakuu, salamu kutoka Garissa, kwenye joto linalolegeza hata nyuzi za gitaa.

Nimekaa na hili jambo wiki tatu na limenikwama kooni. Leo nalitapika lote, pamoja na sehemu inayoniaibisha mimi mwenyewe. Siongezi chumvi, haihitaji.

Sisi ni watatu. Abdi anaimba na kupiga gitaa, Guyo yuko kwenye drums, mimi Mutua napiga besi. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Guyo kwao ni wafugaji wa Wajir. Baba yangu alikuwa mwalimu, akaletwa huku kikazi na hakurudi tena Ukambani.

Kilichotuunganisha ni heavy metal. Ndiyo, Garissa. Chekeni mmalize.

Show yetu ya kwanza ilikuwa Masalani. Abdi alipoanza ile sauti ya kunguruma, MC alikimbia kuzima spika akidhani imeungua. Tukashuka jukwaani hata wimbo mmoja haujaisha.

Mazoezi tunafanyia kwenye store ya mama yake Abdi. Sote tunamwita Hooyo, ndiyo "mama" kwa Kisomali. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, na mle store ndimo anamofukizia mitungi yake kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Tukitoka mazoezi tunanuka kama nyama choma.

Majirani waliposhtaki kelele, wazee walikaa kikao, na Hooyo ndiye aliyetutetea. Tukakubaliana tupige kuanzia alasiri na tuzime kabla ya adhana ya magharibi. Miaka sita hatujavunja. Na kila tukizima, Hooyo anatuita tunywe maziwa.

Sasa sikieni.

Watu wa tamasha moja la muziki Nairobi walitusikia mtandaoni, wakaja na kamera. Siku mbili nzima waliuliza swali lile lile kwa njia kumi: nani anawatisha? Tukasema hakuna, shida yetu ni stima na amp inayozimika kwa joto.

"Boss, adui yetu ni vumbi," Guyo akawaambia.

Hawakucheka.

Jioni ya mwisho walimrekodi Hooyo akiwa mlangoni, mkono juu, akipaza sauti: "Kaalaya, caano cabba!" Yaani njooni mnywe maziwa. Alipaza sauti kwa sababu Guyo hajui kupiga polepole. Na wale wa kamera walikunywa pia, mmoja akaongezwa mara mbili!

Wiki iliyofuata producer akanitumia clip kwa WhatsApp niipitishe, maana mimi ndiye nashughulikia mambo ya bendi. Hooyo yuko pale mlangoni, mkono juu, uso umekunjamana kwa jua. Chini yake wameandika kwa Kizungu: Mungu atawaangamiza kwa huu muziki wa shetani.

Wakuu, Kisomali nimekulia nacho. Nilisikia alichosema na nikasoma walichoandika.

Producer alikuwa ameongeza ujumbe: mkiridhika na clip, slot ya stage kubwa ni yenu. Stage ambayo tumeiota tangu shule.

Nikajibu, "Iko sawa."

Nilijidanganya kwamba hakuna mtu wa huku ataiona. Siku mbili tu ikawa imeenea kila mahali. Watu wasiojua hata Garissa iko upande gani wakamwita mama wa watu katili, mchawi, gaidi. Gaidi! Mwanamke anayeamka alfajiri kupokea maziwa! Walimu wawili wasio wenyeji wa huku, wateja wake wa kila asubuhi, wakahamia meza ya jirani.

Inaniuma kweli. Unakunywa maziwa ya mtu, unamshukuru, halafu unarudi Nairobi kumtia laana mdomoni? Ni kwa sababu mama wa Kisomali mwenye hijabu akikaribisha wageni, kwao hiyo si story. Akilaani watoto wake, hapo tiketi zinauzwa.

Abdi alimpigia producer tukiwa wote watatu mle store, simu kwenye loudspeaker. Akamwambia atoe yale maandishi.

"Hiyo ni storytelling tu, bro, relax," jamaa akasema. "Na Mutua ali-approve."

Abdi akamwambia show hatuitaki, akakata simu. Kisha akaniangalia. Guyo pia. Abdi akachomoa gitaa lake, akaenda nalo, na mpaka leo hajanisemesha.

Kesho yake nikaenda kwa Hooyo peke yangu. Alikuwa anafukiza mtungi. Nikamtafsiria yale maandishi kwa Kisomali, neno kwa neno, halafu nikaanza kuwatukana wale watu wa Nairobi, kwamba ni waongo, kwamba hawana adabu.

Akanikatiza.

Miaka yote hiyo Hooyo hajawahi kuniongelesha ila kwa Kisomali. Kiswahili anaongea na wageni. Siku hiyo aliniambia kwa Kiswahili:

"Hao watu ya Nairobi Kisomali hajui. Wewe unajua."

Akarudi kwenye mtungi wake. Nikaondoka.

Nilichojifunza ni kwamba hasira yangu kwa wale wa kamera ni halali kabisa, lakini nilikuwa naificha nyuma yake aibu yangu. Ndoto ni yetu watatu, na mimi nikamlipisha mama ambaye hata hayuko kwenye bendi.

Mnaotaka kunitukana, uwanja ni wenu. Mwenye ushauri wa jinsi ya kumrudia Abdi, nausubiri. Na wewe unayejua Kisomali, ukikutana na hiyo clip, andika pale chini alichosema Hooyo. Mimi nimeandika mara tatu, wanafuta.