Zamu ya Mume Wangu Kuosha Bafu

Ukitaja skizofrenia, watu wanawaza mtu anayekimbia uchi barabarani. Mume wangu hajawahi kumtishia hata paka. Kinachomshinda ni kuosha bafu.

Tunaishi International City, hapa Dubai, flati moja iliyogawanywa vyumba kwa mbao, bafu moja, na kila Ijumaa mpangaji mmoja ana zamu ya kulisafisha. Zamu ya mume wangu ilipompita mara ya pili, yule mama Mganda anayetukodishia alinikuta jikoni.

"Mama Mtoto, Ijumaa asipoosha, khalas, basi. Mhame."

"Nitaosha mimi."

"Wewe una zamu yako. Huyo mvivu, unamdekeza."

Mvivu! Nusura nimrushie sufuria. Na tuhamie wapi, na mtoto mchanga na mgonjwa?

Dawa zimezituliza zile sauti alizokuwa akizisikia, nashukuru. Lakini kazi yenye hatua nyingi bado humtawanyikia kichwani. Atashika brashi, maji yanamwagika, asijue kinachofuata. Kuosha anajua. Kuanza ndiko kazi, halafu kuendelea. Daktari alinieleza habari za vidonge tu. Haya mengine nimeyajua kwa kuishi nayo, na bado sijui yeye huyaonaje kwa ndani.

Ijumaa nikambeba mtoto mgongoni, nikasimama mlangoni. Sikugusa kitu.

"Mwaga sabuni."

Akamwaga. Akasimama.

"Sugua ukuta."

Akasugua. Mpangaji wa chumba cha pili, mlinzi, alikuwa anangoja kuoga, taulo begani.

"Shem, unamwendesha kwa rimoti?"

"Ndiyo, na yako ninayo. Nyamaza nisije nikaibonyeza."

Mume wangu akacheka, kisha akasahau alipofikia. Tukaanza sinki upya.

Yule mama Mganda akaja kukagua. Akapitisha kidole nyuma ya bomba, akakitazama.

"Umemwambia kila kitu."

"Nimemwambia. Mikono ni ya nani?"

Akamgeukia mume wangu, ambaye siku zote huzungumza naye kupitia kwangu.

"Baba, nyuma ya choo bado."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama vilevile. Yule mama akanitazama. Nikafunga mdomo, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

"Chukua brashi," yule mama akamwambia mume wangu moja kwa moja, taratibu.

Akachukua.

"Haya, piga magoti. Sugua."

Alipomaliza, yule mama akaondoka akinung'unika kwamba zamu ijayo, baba asipoiona sabuni, aje amgongee yeye mlango, atamwonyesha.