Tangi Nililolinyima Hewa

Idi moja naikumbuka kwa pua, mwanangu, wala si kwa pilau. Nilikuwa bado msichana mwenye mtoto mmoja, Neema wangu, nimefika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Uvira bila kitu cha maana isipokuwa sifa ya usafi. Kule kwetu walisema sakafu ya nyumba yangu unaweza kulia ugali juu yake. Usicheke. Ilikuwa kweli, na nilitaka watu wa Uganda nao waijue.

Hajji Badru, mfanyabiashara wa Ruti pale Mbarara, alikuwa ameleta boti ya matembezi kwenye ziwa letu. Boti ya paa, viti vyenye mito, na nyuma kabisa chumba kidogo cha choo. Familia za mjini zilikuja siku za mapumziko kutazama viboko kando ya mafunjo. Usafi wa boti nilipewa mimi. Mkimbizi, mwanamke, na funguo za boti mfukoni! Nilipita sokoni kambini kama mke wa waziri, na sijutii, maana kazi ile niliipata kwa mikono yangu.

Sasa choo cha boti si kama cha nyumbani. Chini ya sakafu kuna tangi, na uchafu wote unakaa humo mpaka boti irudi ufukoni. Hapo tunaunyonya kwa pampu, tunautia kwenye mapipa na kuupeleka shimoni, mbali na maji. Kuumwaga ziwani hakuna aliyethubutu, kwa sababu maji hayohayo ndiyo tuliyokunywa kambini. Kwa hiyo tangi likawa langu, na tangi lilinuka.

Mwanzoni harufu ilikuja ikaenda, halafu ikahamia kabisa. Nilisugua choo mpaka vidole vikachubuka. Nikamwaga tangini ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, kikombe baada ya kikombe. Nikachoma ubani. Harufu ilitulia kidogo, kisha ikarudi imejipaka ubani. Kumuuliza mtu sikutaka. Mimi, mwenye sakafu ya kulia ugali, niulize habari za choo?

Asubuhi ya Idi nikazunguka boti kwa nje, nikaona ubavuni kipaipu chembamba kinachotoka kwenye tangi. Nikasogeza pua. Harufu inatokea hapo! Nikafurahi kama aliyemkamata mwizi wa kuku. Nikakiziba kwa kitambaa, nikafunika na mfuko wa plastiki, nikakaza kwa mpira. Wageni walipanda wakiwa wamevaa nguo mpya, na hakuna aliyekunja uso. Nilisimama nyuma nikiwa nimejaa fahari.

Wageni wenyewe walikuwa mama yake Hajji, tuliyemwita Hajjati, pamoja na wakwe zake wa Bwizibwera, watu ambao mjukuu wake alikuwa ametoka kuolewa kwao. Tulipofika katikati ya ziwa Hajjati aliingia chooni. Alipofungua maji, ile hewa yote niliyoibana tangini ikatafuta pa kutokea, na njia iliyobaki ilikuwa tundu la choo. Alitoka amejifunika uso kwa mtandio, akatapika mbele ya wakwe zake. Harufu ikamfuata mpaka vitini. Pilau haikuliwa. Na mkwe mmoja, namsikia mpaka leo, alimnong'oneza mwenzake kwamba bibi huyu tumbo lake limeharibika.

Nilisikia, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko pale kwenye paipu.

Tulipofika ufukoni Hajji hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Neema, Jumapili nyingine mimi nakuja na wageni. Kama hii harufu iko, choo natoa, na wewe nabaki nyumbani."

Walipoondoka nikajifungia chooni nikalia. Nilimlilia Neema ambaye angekosa uji, na nikajililia mwenyewe, kwa sababu kambini nisingepita tena kichwa juu. Nilipotoka nikamkuta Afande Okot, nahodha wa boti, mwanajeshi mstaafu aliyetumikia kambi ya jeshi ya Mbarara. Alikuwa ameshika kile kitambaa changu kwa ncha ya vidole.

"Nani nafunga hii?"

Nilifikiria kusingizia wavuvi. Lakini mpira ulikuwa wa nywele zangu. "Ni mimi, Afande. Niliona harufu inatokea mule, nikazani nikiziba itabakia ndani."

"Wewe nanyonga tangi!" akasema. "Hii paipu iko pua yake. Uchafu bila hewa naoza vibaya, nanuka vibaya. Na ile dawa yako naua wadudu wazuri, wale nakula uchafu. Mimi nachunga vyoo ya jeshi miaka mingi, mama. Kwa nini wewe hapana uliza?"

"Niliogopa batu bataniseka."

Akakitupa kile kitambaa. "Sasa leo, watu nacheka nani? Nacheka Hajjati."

Maneno yale yaliniingia, mwanangu. Kofi lingeuma kidogo kuliko hayo, na nadhani ningelipendelea.

Wiki ile nilisoma shule ambayo haina daftari. Tulilinyonya tangi, tukalisuuza kwa maji matupu, tena na tena, mpaka yaliyotoka yakawa meupe. Kile kipaipu chembamba kilikuwa kimezibwa nusu pia na kiota cha nyigu kwa ndani, kwa hiyo hata kabla ya ujinga wangu tangi lilikuwa linapumua kwa shida. Afande akaweka paipu mbili nene, fupi, zilizonyooka, moja kila ubavu, upepo uingie huku utokee kule. Dawa ya nguo alinikataza kabisa. Akaniagiza maji ya kutosha kila choo kinapotumika, yasiwe ya kubania.

Halafu akanionyesha jambo ninalowafundisha watu hadi leo kwa majivuno. Mpira wa bomba unaobeba uchafu kutoka chooni ukizeeka, harufu hupenya ukutani mwake ingawa hauvuji hata tone. Utaujuaje? Unachovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, unausugua mpira kwa nje, kisha unanusa kitambaa. Nilinusa vitambaa vinne, kimoja kwa kila mpira. Vitatu havikuwa na neno. Cha nne kilinirudisha nyuma hatua mbili. Afande akacheka kwa mara ya kwanza, akaenda Mbarara kutafuta mpira mwingine mgumu zaidi.

Kufikia Ijumaa boti ilinuka mbao na maji ya ziwa. Nikamwambia, "Afande, tumemaliza."

"Tangi namaliza," akajibu. "Hajjati bado."

Nilijua alichomaanisha. Jumamosi nikapanda gari mpaka Ruti na Neema mgongoni. Nikamkuta Hajjati sebuleni na mabinti zake, nikapiga magoti. Nikasema mbele yao wote kwamba harufu ile haikuwa ya tumbo lake wala ya kosa lake. Nilisema ni mimi niliyeziba paipu, na kwamba nilimsikia mkwe wake akimsema nikakaa kimya. Sikujua kama nitatoka pale na kazi.

Neema akaanza kulia. Hajjati akanyoosha mikono, akampokea. "Mimi nashinda wiki nzima hapana toka nje," akasema. "Kesho mimi nakuja. Na wale wakwe nakuja. Wewe nasema kwao kama sasa."

Nikasema kwao kama nilivyosema Ruti, sisi wote tukiwa botini, wakwe wakitazama miguu yao. Ilikuwa Jumapili ya jua kali, siku ambayo tangi baya lingejitangaza lenyewe. Hajjati akaingia chooni, akatoka. Hakurudi kwenye viti vya mbele. Alivuta kiti chake akakiweka mlangoni pa choo kabisa, akaketi, akafunua sinia la pilau, akawaita wakwe zake waje kula hapo. Wakaja. Wakala mpaka punje ya mwisho, na Hajjati akanikatia pande la nyama kwa mkono wake.

Hajji alinitazama kutoka mbele. "Tangi iko ya Mama Neema," akamwambia Afande. "Mtu hapana gusa bila yeye." Nikageukia ziwani ili wasiyaone machozi, maana safari hii yalikuwa ya fahari.

Basi mwanangu, kazi yako ikinuka usiizibe. Mwite anayejua, hata kama atakukuta na kitambaa mkononi, na uifanye upya mpaka ufurahi mwenyewe. Na aibu yako ikimwangukia mtu mwingine, usisubiri isahaulike. Nenda nyumbani kwake ukaichukue, mbele ya waliomcheka. Mungu akupe pua kali na ulimi usioona uzito kusema "ni mimi." Akujalie kazi safi, ambayo watu watavuta viti vyao na kula kando yake.